Mate, Mkojo na Moshi wa Watu Wengine

Hotuba kwa wauguzi, wataalamu wa maabara na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, 31 Mei

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu zangu wa meza kuu, wauguzi, wenzangu wa maabara, wahudumu wa afya ngazi ya jamii mlioamka usiku ili mfike hapa mapema, wazee wetu: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Nimepewa nusu saa nizungumzie namna ya kupima moshi wa tumbaku ndani ya mwili wa binadamu. Naomba nianze na mama mmoja ambaye nilimkosea mara mbili.

Alikuwa mama lishe, mjamzito wa miezi saba. Kliniki niliyokuwa nikifanya kazi wakati ule ilikuwa imeletewa na mradi kifaa cha kupulizia. Unavuta pumzi, unaibana kwa sekunde 15, unaipuliza polepole kwenye mrija, kisha namba inatokea kwenye kioo. Ile namba ni kiasi cha kaboni monoksidi kilichomo kwenye pumzi yako. Karatasi tuliyopewa ilisema 10 na kuendelea ni mvutaji. Mama akapuliza, ikatoka 17. Muuguzi aliyekuwa pembeni yangu akamtazama tumbo, akasema kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia: “Mama, na ujauzito huu bado unavuta sigara?”

Kifaa nilikuwa nimekishika mimi. Sikufungua mdomo. Niliandika 17 kwenye daftari, na mbele yake nikaandika “mvutaji”.

Yule mama hakubishana. Alijifunga khanga yake vizuri, akasema, “Dada, mimi tangu nizaliwe sijaweka sigara mdomoni,” akaondoka bila hata kuchukua vidonge vyake vya kuongeza damu.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake alfajiri nilikwenda kwenye banda lake na kile kifaa mfukoni. Banda la mabati, kuta tatu, majiko mawili ya mkaa: moja la maharage, jingine la chapati. Alikuwa hapo tangu saa kumi. Nilimwomba radhi, nikamwomba na ruhusa ya kukaa. Mimi sivuti na sijawahi kuvuta. Nilipuliza kabla sijakaa, ikasoma 2. Nikakaa naye hadi saa mbili asubuhi, nikimsaidia kupepea mkaa kwa mfuniko wa sufuria, halafu nikapuliza tena. Ikasoma 9. Muda wa saa tatu tu, na kwa karatasi ile mimi mwenyewe nilikuwa nimebakiza pumzi moja niitwe mvutaji.

Wenzangu wa maabara mnaijua sababu. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, nayo hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Sigara inaitoa. Jiko la mkaa linaitoa pia, na jenereta, na daladala iliyosimama kituoni injini ikiunguruma. Kifaa hakiwezi kukuambia imetoka wapi. Zaidi ya hapo, gesi hiyo hupungua nusu ndani ya saa nne hadi sita hivi kwa mtu anayepumua hewa ya kawaida, kwa hiyo mvutaji aliyelala usiku kucha anaweza kukupulizia asubuhi namba ndogo kuliko ya mpishi. Kifaa kile hakikuwa kibovu. Kilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo watu wanapikia umeme, nasi tukakipokea pamoja na karatasi yake bila kuuliza swali hata moja.

Kosa la pili lilifuata siku hiyohiyo. Mama alikubali nimpime mkojo kwa kijiti cha kotinini, kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na nikotini ya tumbaku. Hivi vijiti vina mtego wake, na nautaja kwa sababu nimeona vijana wakiuangukia: mistari miwili maana yake hakuna, mstari mmoja maana yake ipo. Ni kinyume cha kipimo cha mimba na kipimo cha malaria tulivyovizoea. Kijiti chake kilitoa mistari miwili. Nikafurahi, nikamwambia nitafuta lile neno daftarini, na kweli nililifuta. Akaniuliza: “Kwa hiyo mwilini mwangu hamna moshi wa sigara?” Nikamjibu, “Hamna.”

Jibu lile halikuwa sahihi, na ili muone kosa lake inabidi tukae kidogo na hii kotinini.

Mtu akivuta hewa yenye moshi wa tumbaku, iwe sigara yake au ya jirani, nikotini huingia kwenye damu kupitia mapafu. Nikotini yenyewe haikai. Kwa muda wa saa 2 hivi nusu yake imeshaondoka, hivyo ukiitafuta kesho yake hutaipata. Ila ini, kwa kutumia kimeng'enya chake, hugeuza sehemu kubwa ya nikotini ile, kama asilimia 70 hadi 80, kuwa kotinini. Na kotinini ina subira. Huchukua saa 16 au 18 kupungua nusu. Ndiyo maana tunaitafuta yenyewe: inabeba habari za siku mbili tatu zilizopita, inapatikana kwenye damu, kwenye mate na kwenye mkojo, ambako hukolea mara kadhaa zaidi ya damuni. Na tofauti na kaboni monoksidi, haitoki jikoni. Asili yake ni tumbaku, au dawa zenye nikotini kama vile viraka na ubani wa kutafuna wanavyopewa watu wanaoacha sigara. Mgonjwa wako akiwa anatumia viraka, kotinini itakuwa juu hata kama hajagusa sigara mwezi mzima. Hapo usimhukumu, maabara kubwa huweza kutafuta anabasini na anatabini, kemikali nyingine za jani la tumbaku ambazo hazimo kwenye viraka.

Kuna anayesema nikotini imo hata kwenye mboga. Ni kweli. Biringanya, nyanya, viazi mviringo, wote ni ndugu wa tumbaku na wana chembe zake. Lakini pigeni hesabu. Sigara moja humwingizia mvutaji kama miligramu 1 ya nikotini. Kuipata hiyo kutoka kwenye biringanya unahitaji kula kilo 10 kwa mkupuo. Mchuzi wa nyanya haumgeuzi mtu mvutaji.

Sasa namba. Mvutaji wa kila siku kwa kawaida ana kotinini zaidi ya nanogramu 100 katika kila mililita ya damu, wengi wanafika 200 au 300. Asiyevuta lakini anayekaa na wavutaji, mara nyingi yuko chini ya 1, au 2, au 3. Akikaa kwenye moshi mzito sana anaweza kukaribia 10. Sasa rudini kwenye kijiti changu. Vijiti vingi vya mkojo vya aina ile vinaanza kuona kwenye nanogramu 200. Chini ya hapo vinakwambia hakuna. Kijiti kilikuwa na uwezo wa kuniambia kwamba mama havuti, na hilo kililisema kwa haki. Moshi wa watu wengine hakikuwa na macho ya kuuona. Nilimwuliza swali moja, nikapewa jibu lake, nikamkabidhi mama kama jibu la swali lingine kabisa.

Na hata mpaka wa kutenganisha mvutaji na asiyevuta haukushuka kutoka mbinguni. Katika miaka ya 1980, watafiti wa London waliuweka kwenye nanogramu 14 hivi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichambua takwimu za nchi yao wakapendekeza 3. Miili ya watu haikubadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni hewa. London ya wakati ule, mtu asiyevuta alikuwa anakunywa moshi ofisini, kwenye basi, baa, hata hospitalini, na kotinini yake ilikuwa juu kiasi cha kumsogelea mvutaji mwepesi. Hewa ilipotakata, mpaka ukashuka. Uchambuzi huohuo wa 2009 ulionyesha pia kwamba mpaka unaofaa hutofautiana kati ya Wamarekani weusi, weupe na wenye asili ya Meksiko, kwa sababu si kila ini linaivunja nikotini na kotinini kwa kasi ileile. Mjamzito ndiye mfano ulio karibu zaidi na kazi yetu. Kwake kotinini hupungua nusu kwa saa 9 hivi, badala ya 17. Ukimpima mama mjamzito kwa kipimo cha mwanamume, utamwona amepata moshi kidogo kuliko alioupata kweli.

Niwarudishe nyuma kidogo kwenye historia, kwa sababu vipimo hivi havikuzaliwa maabara tu. Vilizaliwa kwenye ugomvi.

Januari 1981, daktari mmoja wa Japani, Takeshi Hirayama, alichapisha utafiti wa wanawake 91,540 wasiovuta sigara aliowafuatilia kwa miaka 14. Aliona kwamba wale walioolewa na wavutaji walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya walioolewa na wasiovuta, na kadiri mume alivyovuta zaidi ndivyo hatari ya mke ilivyopanda. Kampuni za tumbaku zilimshambulia kwa kila namna. Hoja moja iliyorudiwa kwa miaka mingi ilikuwa hii: pengine wale wanawake walikuwa wanavuta kwa siri na wanaona aibu kusema. Fikirini jambo hili. Mwanamke amekufa kwa moshi wa mumewe, na anayeuza ule moshi anamwita mwongo kaburini.

Kotinini ndiyo iliyowajibu. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza walipima mkojo wa wanaume wasiovuta, wakakuta wale wenye wake wavutaji wana kotinini nyingi kuliko wenzao. Moshi wa mwenzi, kumbe, unaingia mwilini, unapita kwenye ini, unatoka kwenye figo, na unapimika. Baadaye tafiti za saratani ya mapafu zilianza kuchukua mkojo wa wanawake waliosema hawavuti. Wavutaji wa siri walipatikana wachache, wasiotosha kuyafuta matokeo. Neno la wale wanawake likasimama.

Halafu ikaja Marekani. Kati ya 1988 na 1991, kwenye utafiti mkubwa wa afya ya taifa, walipima kotinini ya damu kwa watu wa miaka minne na kuendelea. Watu wazima wasiotumia tumbaku waliosema wanapata moshi nyumbani au kazini walikuwa asilimia 37. Walipopima damu za wasiotumia tumbaku, asilimia 88 walikuwa na kotinini. Wale wengine hawakusema uongo. Hawakujua. Moshi waliupata kwenye lifti, kwenye mgahawa, kwa shemeji, wakasahau kabla hawajafika nyumbani. Baada ya sheria za kukataza uvutaji ndani ya majengo kuenea, namba hiyo ilishuka hadi kufikia asilimia 25 mwaka 2011 na 2012.

Scotland walifanya vizuri zaidi, kwa sababu walipima kabla na baada. Sheria yao ya kukataza uvutaji kwenye majengo ya umma ilianza Machi 2006. Wapinzani walidai wavutaji watahamishia sigara majumbani na watoto ndio wataumia. Basi watafiti wakachukua mate ya watoto wa darasa la mwisho la shule ya msingi, umri wa miaka 11 hivi, kabla ya sheria na mwaka mmoja baadaye. Kotinini ya wale watoto ilishuka kwa asilimia 39. Ya watu wazima wasiovuta ilishuka kwa kiwango hichohicho. Ila ndani ya namba hiyo nzuri kuna kundi ambalo halikupata nafuu ya maana: watoto ambao mama zao, au wazazi wote wawili, wanavuta. Sheria ilifika mpaka mlangoni kwao, ikaishia hapo. Bila yale mate, nani angejua? Mtoto wa miaka 11 hawezi kukujazia dodoso kwamba sebule yao ina moshi kuliko ya jirani. Yeye hiyo ndiyo hewa anayoijua.

Kwangu mimi hapo ndipo ilipo kazi hasa ya vipimo hivi. Tunavitumia mno kama polisi, kumkamata mvutaji aliyesema ameacha. Mvutaji ana mdomo, na ukimheshimu mara nyingi atakwambia ukweli. Vipimo ni vya yule asiyeweza kusema: mtoto mchanga, mhudumu wa baa anayeogopa kufukuzwa, mke ambaye hawezi kumwambia mumewe atoke nje. Na ili viwasemee hao, inabidi tuvichague kwa kuangalia jiko letu, chakula chetu na mashamba yetu.

Chukueni muhogo. Kwenye vitabu vya zamani mtakuta kipimo kingine cha uvutaji kiitwacho thayosaineti. Moshi wa sigara una sayanidi, ini huigeuza kuwa thayosaineti ili kupunguza makali, nayo hukaa mwilini wiki moja au mbili. Ulaya ilionekana kipimo kizuri, kwa vile kinashika siku nyingi kuliko kotinini. Nendeni nacho Newala. Muhogo mchungu nao una sumu ya sayanidi ndani yake. Ukilowekwa na kuanikwa kwa siku zake, sumu hutoka. Mwaka wa ukame, wakati ghala ni tupu na watoto wanalia, watu hufupisha zile siku, na sayanidi inaingia na ugali. Wengine hupatwa na konzo: mtu analala mzima, anaamka miguu imekaza, na haiponi. Neno lenyewe ni la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938. Kwetu umeonekana Tarime katika miaka ya 1980 na baadaye Mtwara. Na watafiti wa konzo hupima nini kwenye mkojo? Thayosaineti ileile. Kwa hiyo bibi anayekula makopa yasiyoiva vizuri, asiyewahi kunusa sigara, kwenye kipimo cha Ulaya anaonekana mvutaji mkubwa, wakati anachohitaji ni mtu wa kumsaidia unga salama. Mtu akikuletea kipimo hicho kwa ajili ya tumbaku huku kwetu, kirudishe kwa heshima.

Sasa shamba la tumbaku lenyewe. Nawaona hapa wahudumu wa kutoka Urambo na Kaliua, na wengine wa Namtumbo, nanyi mnayajua haya kuliko mimi. Alfajiri jani la tumbaku lina umande. Nikotini huyeyuka kwenye maji. Mchumaji anakumbatia majani kifuani, shati linalowa, na nikotini inapita kwenye ngozi. Ikifika saa nne anasikia kichefuchefu, anatapika, kichwa kinauma, dunia inazunguka. Mara nyingi tunaandika malaria, au tunasema ni dawa ya kupulizia wadudu. Ukipima mate ya mtu huyo unaweza kukuta kotinini ya mvutaji, na huenda ni binti wa miaka 12 aliyemsaidia baba yake wakati wa likizo. Hajavuta chochote, ila amevaa tumbaku. Hapa kotinini peke yake haitoshi; lazima uulize, “Juzi na jana ulikuwa unafanya kazi gani?” Ushauri wake si mgumu: subirini jani likauke kwanza, vaeni glavu na nguo ya kuzuia maji, badilisheni shati likilowa, oga kabla ya kula. Na watoto wasiingie kabisa kwenye kuchuma. Mwenye tumbaku ya moshi, ile inayokaushwa kwa moshi wa kuni, ana jingine la kuongeza, kwa sababu anayekesha kwenye bani, yaani banda la kukaushia, akichochea kuni hupata kaboni monoksidi ya kutosha, na kifaa cha kupulizia kitamwita mvutaji kama kilivyomwita mama lishe wangu.

Shisha nayo naitaja kwa sababu vijana huambiwa maji yanachuja. Mkaa unaokaa juu ya tumbaku ya shisha hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, na baada ya kikao kimoja pumzi ya kijana huyo hupanda juu kuliko ya mvutaji wa sigara. Pale kifaa cha kupulizia kinafaa sana, kwa kuwa kijana anaiona namba kwa macho yake papo hapo. Ugoro na kuberi, tumbaku zisizochomwa moto, ni kinyume chake: pumzi safi kabisa, kotinini iko juu.

Nywele nitazipitia haraka. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, hivyo shina la sentimita 3 linaweza kukupa habari za miezi mitatu. Kwa mtoto ni rahisi, hakuna sindano. Lakini nikotini hupenda melanini, yaani rangi ya asili ya nywele, na nywele nyeusi huishika zaidi ya nywele za njano. Ukilinganisha mtoto wa Tabora na mtoto wa Oslo bila kulijua hilo utadanganyika. Na dawa ya kulainisha nywele au kuzibadilisha rangi huondoa sehemu ya kile unachokitafuta. Mwulize mama kwanza.

Kipo kipimo kimoja ambacho naomba mkijue hata kama maabara zetu nyingi bado hazina mashine zake. Kotinini inakuambia moshi umeingia, lakini haikuambii habari ya saratani. Ndani ya tumbaku mna kemikali iitwayo NNK, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwili huigeuza kuwa NNAL na kuitoa kwa mkojo taratibu, kwa wiki kadhaa. Haitoki kwenye mkaa wala kwenye muhogo, ni tumbaku tu. Mwaka 1993 Stephen Hecht na wenzake wa Marekani waliwaweka wanaume watano wasiovuta kwenye chumba chenye moshi unaotoka ncha ya sigara, wakakuta NNAL kwenye mikojo yao. Kabla ya hapo tulikuwa tunasema moshi wa jirani unahusishwa na saratani. Baada ya hapo mtu aliweza kushika kikopo cha mkojo wa asiyevuta na kusema, kiletacho saratani ya mapafu kimeshapita humu.

Nimalizie na utunzaji wa majibu, maana hapo ndipo nilipoumiza mtu. Kotinini ya mtoto inasema jambo kuhusu baba yake. Kotinini ya mke inasema jambo kuhusu nyumba nzima. Ukiitangaza kwenye benchi, umemrudisha mama kwenye nyumba ambayo mume ameshaambiwa na majirani. Jibu la kipimo apewe mwenye mwili, faraghani, na kabla ya kupima mwambie unachotafuta na kwa nini. Akikataa, daftari libaki tupu. Na kabla ya kipimo chochote uliza kwa maneno ya kawaida. Usiseme “Je, unapata moshi?” Kila mtu atasema hapana. Uliza: nani anavuta, anakaa wapi akivuta, upepo unavuma kwenda wapi, mtoto analala chumba gani.

Mimi nilirudi kwa mama yule kumwuliza hivyo. Alikuwa ameshajifungua, mtoto yuko mgongoni. Nilimwambia kile kijiti hakikuwa na uwezo wa kujibu swali lake, na kwamba nilimjibu kwa haraka. Kisha nikamwuliza wateja wake wanavutia wapi. Akaonyesha kwa kidevu benchi la bodaboda, hatua mbili kutoka kwenye jiko la chapati, upande upepo unakotokea. “Hapo,” akasema. “Wakisubiri chai. Kila siku.” Akanyamaza, akageuza chapati. “Sasa dada, hicho nacho ni cha kuhesabu?”

Nikamwambia ndiyo.

Nilipopita wiki iliyofuata benchi lilikuwa limehamia ng'ambo ya barabara, chini ya mwarobaini, na kijana mmoja alikuwa anavuka na kikombe cha chai mkononi kwenda kuvutia huko.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nipo hapa kwa maswali.